Injini ya Datsun imetoka

Mombasa, Jumapili usiku

Ndugu yangu Bakari,

Salamu kwako na kwa wote nyumbani Tanga. Sisi hatujambo, ila Mama amenuna. Ua wake umegeuka gereji, na kanga yake moja imekunywa oili ya giaboksi. Hilo nitalifikia.

Ile Datsun 240Z ya 1972 tuliyoivuta kutoka Nakuru ilianza kunitia aibu. Nikiwa gia ya nne nikikanyaga mafuta, injini inalia lakini gari halina habari. Klachi inateleza. Na kila asubuhi chini yake kuna doa la oili, palepale injini inapokutana na giaboksi. Nikajua sili ya nyuma ya krenki, ile inayozuia oili isitoke nyuma ya injini, imekufa na klachi inaoga oili. Fundi akashauri tutoe giaboksi peke yake kwa chini. Nikakataa. Kulala chali na giaboksi kifuani, halafu siku ya kurudisha mnatafutana na matundu gizani, mie goti langu unalijua. Nikasema vitoke vyote pamoja, kwa juu.

Maana sisi husema "kushusha injini", lakini hii haishuki, inapaa! Na kabla haijapaa kuna boneti. Ya 240Z ina bawaba mbele, hufunguka kinyume na magari mengi, nayo ni ndefu kama mlango wa msikiti. Ilitaka watu wawili, kila mmoja upande wake. Nilizungushia bolti alama za kalamu ya wino kabla ya kuzilegeza, la sivyo siku ya kuifunga ingekaa upogo.

Mzee wa nyumba ya pili ndiye aliyekuja kushika upande mmoja. Ilipowekwa chini, hakuondoka. Akasimama akiitazama ile mitungi sita kwenye mstari, cc 2,393, na kabureta zake mbili, akaanza mambo ya washindi wa Safari Rally: 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller, 1973 Shekhar Mehta, yule mzaliwa wa Uganda, aliyelingana pointi na Harry Källström wa Datsun nyingine na bado akapewa ushindi. Yote kwa 240Z, asema, kama kwamba mimi sijui kwa nini nimeuza pikipiki kulinunua gari hili.

Rejeta, mipira ya maji, mabomba ya petroli na nyaya havikusumbua. Nati za eksozi ndizo zilizotutoa jasho. Kutu ya Bahari ya Hindi haina heshima kwa Mjapani. Tulizipaka mafuta tangu Alhamisi, na bado moja ilikatika. Kwa ndani, kirungu cha gia lazima kitoke. Ukikisahau kitanasa kwenye tundu la sakafu injini ikiwa hewani. Hicho nilikikumbuka.

Nilichosahau ni mkia wa giaboksi. Tulipochomoa propela, ule mhimili unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, oili iliyokuwa imebaki ikamwagika yote, na kitambaa cha karibu kilikuwa kwenye kamba ya kuanikia. Ndiyo kanga hiyo. Baadaye nikaufunga mkia kwa mfuko wa nailoni na mpira wa baiskeli. Ungekuwapo ungenikumbusha.

Fundi alitaka kuning'iniza cheni bloku kwenye tawi la mwembe. Nililitazama tawi, nikaitazama injini, nikaenda kukodi tripodi ya chuma. Tulifupisha mnyororo wa mbele na kurefusha wa nyuma, ili pua ipande na mkia wa giaboksi uinamie chini. Ikaanza kupanda vizuri, mara ikakwama na gari likanyanyuka nayo! Kumbe waya wa athi, ule unaounganisha injini na bodi, hatujaufungua. Nati moja tu. Ukatoka, injini ikapanda mpaka ikavuka pua ya gari, kisha tukalisukuma gari nyuma taratibu likatoka chini yake. Mama alikuwa dirishani akisoma dua, sijui ni ya injini au ya kanga.

Tumetenganisha giaboksi jioni hii. Sahani ya klachi inang'aa kwa oili kama samaki wa kupaka, flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini linalobanwa na klachi, ina madoa ya buluu ya moto, na sili imekauka hata kucha haiingii. Flaiwili inakwenda kusawazishwa Jumanne. Sehemu ya injini ikiwa tupu hivi nitakwangua na kupaka rangi, hasa chini ya betri, kumeoza zaidi ya tulivyodhani.

Kurudisha ni Jumamosi ya wiki ijayo. Njoo Ijumaa, ulale kwetu. Lete ile spana yako ya kupimia mkazo, na kile kijiti cha kuweka sahani ya klachi katikati kama bado unacho. Na ukipita dukani, chagua doti ya kanga. Mama apenda nyekundu.

Ndugu yako,
Juma