Asha na hiyo kozi ya Kiingereza

Shosti wangu,

Mambo? Hamjambo wote? Najua nimekaa kimya tangu mwezi wa pili na una haki ya kuninunia, hii semesta imenibana kwelikweli, ila hayo tutaongea. Leo naandika kwa ajili ya ile voisi noti yako ya juzi. Nimeisikiliza mara tatu. Asha kajaza Kiingereza chaguo la kwanza kwenye fomu za chuo, fasihi na lugha, mzee kakasirika, na nyie mnataka mimi ndo nimpigie nimwambie abadilishe maana mimi nasoma kozi hiyohiyo. Shosti, siwezi. Usikasirike kwanza, soma mpaka mwisho.

Mzee anauliza anaenda kusomea nini lugha anayoijua tayari. Hilo swali nimeshaulizwa mpaka na Baraka, na kila nikijibu naona sijajibu vizuri, sasa ngoja nijaribu kwako. Chukua neno letu kitabu. Limetoka Kiarabu, na huko ile "ki" ni sehemu ya neno lenyewe, wala si kiambishi. Sisi tukaisikia "ki", tukaipa "vi" yake, tukapata vitabu, na hakuna aliyekaa kikao kuamua. Waingereza nao walifanya yaleyale kwa njegere, zamani neno lilikuwa "pease" na lilikuwa umoja, watu wakaisikia ile s ya mwisho wakadhani ni wingi, wakaikata, ndo ikabaki "pea". Umeongea Kiswahili maisha yako yote, je ulishawahi kuliwaza hilo la kitabu? Basi ndo tunachosoma. Kuijua lugha ni kitu kimoja, kuona inavyofanya kazi ni kitu kingine kabisa, na mimi nilipoanza kuona sikuweza tena kurudi nyuma.

Halafu Asha, nakumbuka alivyokuja siku ile na Zuhura, aliniuliza kwa nini "knee" ina k wakati hakuna anayeitamka. Mtu mwingine anakariri tu spelingi anaendelea na maisha yake. Nilimjibu kwamba zamani waliitamka, kisha matamshi yakabadilika ila maandishi yakabaki palepale, sababu uchapaji ulishaanza (Caxton, mchapaji wa kwanza Uingereza, alifungua kiwanda chake Westminster mwaka 1476) na spelingi zikaanza kuganda. Macho yake shosti! Akaniuliza maswali mengine sita hapohapo. Huyo ndo mnataka asome uhasibu?

Na kuna jambo hakuna aliyeniambia kabla sijaanza. Kiingereza cha Chaucer, yule mshairi wa kale wa Uingereza aliyekufa mwaka 1400, irabu zake unazisoma karibu kama za Kiswahili. "Name" inaanza na "naa" halafu ile e ya mwisho inasikika kidogo, "time" inaanza na "tii". Siku mwalimu alipotuambia tusome kwa sauti, mimi nilisoma vizuri kuliko nilivyotegemea, wenye Kiingereza cha nyumbani ndo waliokuwa wanajikwaa, na nilitoka mle ndani nimejaa furaha siku nzima.

Ila sitaki umwambie Asha kwamba ni raha tupu. Kusoma ni kwingi, riwaya nzima kwa wiki moja, saa nyingine mbili. Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya Wanormani kutoka Ufaransa kuivamia Uingereza mwaka 1066, ni kama lugha ya kigeni, unajifunza upya. Na mashairi yalinitesa. Nilizoea shairi letu, unahesabu mizani (silabi) nane ukwapi, ile nusu ya kwanza ya mstari, nane utao, ile nusu ya pili, basi. Nikaenda na hesabu hiyohiyo kwenye mashairi yao, mistari inanitoka kumi, kumi na moja, nikadhani mshairi kakosea. Mwaka mzima karibu. Mpaka mwalimu alipogonga meza nikasikia kwamba wao wanachosikiliza zaidi ni mkazo, silabi nyepesi, silabi nzito, mara tano. Nilikuwa nahesabu wakati nilitakiwa kusikiliza.

Kuhusu hilo neno la mzee kwamba ni lugha ya wakoloni, simdharau, ana haki kabisa. Lakini ugomvi huo umo ndani ya kozi yenyewe. Mwaka 1968 pale chuo kikuu Nairobi waalimu Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wakitaka idara ya Kiingereza ifutwe, fasihi ya Afrika iwe ndo kitovu. Tumeusoma semina nzima, tukabishana mpaka tukafukuzwa chumbani. Asha atakutana nao, aubebe mwenyewe ndani ya kichwa chake. Ni bora hivyo kuliko azuiwe mlangoni.

Kazi sasa. Hapa naogopa kumdanganya. Wapo wanaofundisha, wahariri, watafsiri, waandishi wa habari, ila hakuna mlango mmoja unaokusubiri kama kwa daktari, itabidi ajitafutie tangu mwaka wa kwanza, aandike, ahariri gazeti la chuo, asisubiri cheti. Hilo mwambie bila kuficha. Mzee akisikia tumelisema wazi labda atatulia kidogo, sijui, wewe unamjua zaidi.

Na mimi mwenyewe niko njia panda, ndo maana hii barua imekuwa ndefu. Mwaka ujao lazima nichague, isimu (sayansi ya lugha) au fasihi, tasnifu ni moja tu. Moyo uko kwenye fonolojia, ile elimu ya sauti za lugha, ila nikifikiria kuacha riwaya naumia, jana usiku nilikuwa nimeshaamua, asubuhi nimeamka nimebadilika.

Niambie basi, Asha mwenyewe anasemaje, kalia? Fomu zinafungwa lini? Mama yuko upande gani? Na wewe, ukiacha mambo ya mzee, wewe unaonaje hasa, maana kwenye ile voisi noti sauti yako ilikuwa kama ya mtu aliyetumwa? Zuhura anajua? Na hivi ungekuwa mimi ungechagua nini?

Mpe Asha simu Jumamosi, semina yangu inaisha saa saba. Nitaongea naye, ila sitamwambia abadilishe.

Wako,
Mwanaidi