Stenlesi yako chakavu: kwa nini tunaitenga kabla ya kuipima uzito

Juzi mwenye mkahawa mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, alituletea sinki mbili, meza ya jikoni na masufuria, vyote mkokoteni mmoja na nondo za kawaida. Alitaka bei moja ya mzigo mzima. Tulipoanza kutenga akaona twamzungusha. Tukamwekea kiti karibu na mizani atazame.

Stenlesi ni chuma kilichotiwa kromiamu, angalau asilimia 10.5. Hiyo ndiyo inayofanya utando mwembamba wa kuzuia kutu. Stenlesi ina aina nyingi, kila moja na namba yake. Namba 304, inayotumika sana jikoni, ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8, na nikeli ndiyo inayopandisha bei. Namba 430 kwa kawaida haitiwi nikeli. Zile zenye namba za 200 na kitu, kama 201, zimepunguziwa nikeli, zikaongezwa manganizi. Ukizipangusa, zote zang'aa sawa.

Wengi huja na sumaku. Yasaidia, lakini usiiachie uamuzi. 430 hunasa, 304 kwa kawaida hainasi. Ila kona ya sinki iliyokunjwa kwa mashine huweza kuvuta kidogo, na ni 304 halisi. Nyingi za 200 nazo hazinasi, ukadhani umepata mali. Kwa hivyo twatafuta mhuri chini ya chombo, na tukiwa na shaka twatumia dawa ya kupimia.

Sisi hatuyeyushi. Stenlesi hutaka joto la zaidi ya nyuzi 1,400, na hiyo ni kazi ya wenye matanuri makubwa. Vipande vibovu huenda huko. Bamba zima twalinyoosha, twalikata, twalichomelea, likawa rafu au meza ya kupasulia samaki.

Hapa karakana, diski ya greinda iliyokata nondo haigusi stenlesi. Chembe za chuma hubaki juu yake, na kwa upepo wetu wa chumvi haichukui muda madoa ya kutu kutokea, mteja akalia kwamba ameuziwa bandia. Kwa kazi ya ufuoni, Nyali au Shanzu, chukua namba 316, iliyotiwa molibdenamu ya kuizuia chumvi, hata kama yagharimu zaidi.

Ukija, ng'oa mipini ya plastiki na ulete kitambulisho. Sheria ya vyuma chakavu ya 2015 yatutaka tuandike tulichonunua na aliyetuuzia.

Yule bwana aliuza nondo na masufuria. Meza yake ilikuwa 304, akatuambia tusiinunue, tumkatie rafu mbili za jikoni.