Risala ya Watumishi wa Kitengo cha Alama za Vidole kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Mafunzo ya Ulinzi wa Eneo la Tukio

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kamanda wa Polisi wa Mkoa,
Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa,
Wakuu wa Polisi wa Wilaya,
Wakufunzi, ndugu wahitimu, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima, na tunakushukuru wewe kwa kuukubali mwaliko wetu pamoja na majukumu mengi uliyonayo. Ratiba ilisema saa nne na sasa ni saa nane kasoro, lakini umefika, na tumewahi kuandaa viti kwa wageni ambao hawakufika kabisa. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia ya kazi yetu ni ndefu, nasi tutaifupisha. Ofisi ya alama za vidole ilifunguliwa Kolkata, India, mwaka 1897, na London ikafuata mwaka 1901. Mfumo wa kupanga fomu za alama hizo ukapewa jina la bosi wa polisi wa Bengal, Edward Henry, ingawa sehemu kubwa ya hesabu ilifanywa na wasaidizi wake, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Wasaidizi waliomo humu ukumbini hawahitaji kufafanuliwa hilo. Kwa jirani zetu Kenya alama hizi ziliingia kwa mlango mbaya, kwenye kipande, yaani kitambulisho cha lazima cha serikali ya kikoloni, walichotembea nacho shingoni wanaume Waafrika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kitengo chetu chenyewe kilianza na meza moja, rola ya wino na lenzi ya kuazima.

Tangu hapo tumepiga hatua kubwa. Fomu zote zimetoka sakafuni na sasa ziko kwenye shelfu mbili za kisasa, zilizotengenezwa na fundi wa hapa mtaani kwa michango yetu. Tumeanzisha daftari la kupokea vielelezo, ambamo kila anayeshika bahasha anaandika jina, saa na sababu. Watumishi wote wa kitengo, bila kumwacha hata mmoja, wamepata mafunzo rejea. Watumishi hao ni wawili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapo kwenye wawili ndipo tunapoomba utuvumilie kidogo.

Mkoa huu ni wa korosho. Mama aliyebangua korosho kwa miaka mingi, mafuta ya ganda yamemla ngozi, na ukimpaka wino kidole kinatoa doa jeusi lisilo na mistari. Fundi wa saruji vivyo hivyo. Fomu ya mtu wa aina hiyo tunaipiga mara tatu au nne ndipo tupate kitu cha kusomeka. Nje ya mlango kuna foleni ya vijana wanaotaka hati ya tabia njema waende kazini au masomoni nje ya nchi, na kila mmoja basi lake linaondoka jioni. Ndani ya mchana huohuo inaletwa chupa ya soda kutoka kwenye duka lililovunjwa, na mpelelezi amesimama nyuma ya kiti anasema, "Afande, jamaa ameshakiri, wewe weka saini tu."

Tutasema jambo ambalo kwa kawaida halisemwi kwenye risala. Chupa ya namna hiyo iliwahi kutufikia mwenzetu mmoja akiwa likizo. Aliyebaki alilinganisha usiku, macho yamechoka, akapata nukta za kutosha, yaani sehemu ambazo mistari ya alama mbili inafanana, na kuandika kwamba alama ni ya mtuhumiwa. Kwa bahati jalada lilichelewa kuondoka. Mwenzake aliporudi aliitazama ile alama kabla hajasoma maelezo yoyote, akauliza mbona huu mstari uliogawanyika kama panda ya manati unaelekea chini, na wa kwenye fomu unaelekea juu? Wakaangalia tena wote wawili. Haikuwa ya yule kijana, naye alikuwa tayari amelala mahabusu siku kadhaa. Aliyemwokoa ni mtu aliyetoka likizo. Kwenye utaratibu wetu hakukuwa na kitu cha kumwokoa.

Asije mtu akasema haya ni ya ofisi za mikoani. Uskoti, mwaka 1997, wataalamu wanne walisema alama iliyokutwa kwenye nyumba ya marehemu huko Kilmarnock ni ya askari mpelelezi Shirley McKie. Yeye alikana kuingia ndani, akashitakiwa kwa kusema uongo mahakamani, akaachiwa huru mwaka 1999. Tume iliyotoa taarifa mwaka 2011 ilikuta kwamba alama haikuwa yake, ikaandika mapendekezo 86. Marekani, mwaka 2004, baada ya mabomu ya Madrid, FBI, shirika la upelelezi la huko, walimkamata wakili wa Oregon, Brandon Mayfield, kwa alama iliyokuja kuonekana na polisi wa Hispania kuwa ya mtu mwingine. Mashine ya kutafuta alama walikuwa nayo. Watu wa kuthibitisha walikuwepo pia, ila walithibitisha wakiwa wanajua mwenzao ameshajibu nini. Uingereza nao waliachana na sharti la nukta 16 mwaka 2001, baada ya kuonekana kwamba idadi hiyo haikuwa na msingi wa kisayansi, na sisi tunaongeza kwamba idadi ya nukta haimsaidii mtu aliyeshanong'onezwa jibu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ombi letu ni moja: wataalamu watatu waliofuzu. Tukiwa watano, wa kwanza atalinganisha, wa pili ataletewa alama zilezile bila kuonyeshwa jibu, na wakitofautiana wa tatu ataamua na tofauti itaandikwa kwenye jalada badala ya kumalizwa kwa chai. Mmoja atakaa dirishani kupokea vielelezo ili mpelelezi asifike kwenye kiti cha mlinganishaji. Chumba cha pili hatuombi, tutakigawa wenyewe kwa plaiwudi, na yule fundi wa shelfu bado yupo. Kompyuta pia hatuombi leo, maana tukiitaja tunajua itakayokuja ni kompyuta, na wataalamu watasubiri.

Ombi hili si geni. Mgeni Rasmi wa mwaka juzi, ambaye tunamheshimu sana, alilisikia akiwa amesimama hapohapo ulipo, akaahidi wataalamu watatu "kabla ya bajeti ijayo." Tukapiga makofi. Bajeti mbili zimepita. Tulichopokea ni kalenda za ukutani, nazo tunashukuru, kwani ndizo zinazotusaidia kuhesabu. Siku ile alipiga picha ameshika lenzi yetu ya mezani jichoni. Picha imetundikwa ofisini na utaiona ukitutembelea. Lenzi yenyewe ilipasuka mwaka jana, tumeizungushia plasta ya vidonda, na tunaitumia kwa kuegemea upande wa kushoto.

Tunaelewa kwamba ikama, yaani idadi ya watumishi, haipangwi ukumbini, na kwamba utasema umelipokea na utalifanyia kazi. Tunaomba tu, kwa heshima na taadhima, lipokelewe kwa maandishi. Tumeambatanisha barua ya maombi ya watumishi, nakala ya ahadi ya mwaka juzi kama ilivyoandikwa kwenye muhtasari wa kikao, na ukurasa mmoja wenye nafasi ya jina, tarehe na saini. Kalamu iko ndani ya bahasha. Hatutakusumbua kwa wino wa vidole.

Tunaomba kuwasilisha.

Watumishi wa Kitengo (wote wawili)