Mahindi chotara si GMO

Ndugu Mhariri,

Mvua za Novemba zikikaribia hapa Nyanda za Juu Kusini, maneno yale yale hurudi vijiweni na redioni: kwamba mbegu chotara za mahindi za dukani ni GMO, yaani zimeingizwa jeni la kiumbe kingine, kwamba "zimetiwa dawa zisiote tena". Naomba nafasi gazetini mwako, kwa sababu mkulima wa Mbozi au Ismani anayeamini hivyo anaogopa kitu ambacho hakimo kwenye mfuko, halafu anasahau kuuliza kinachomhusu kweli.

Chotara, yaani mbegu ya kuoanisha koo tofauti za mahindi, hutengenezwa shambani. Mtaalamu huchukua ukoo mmoja wa mahindi na kuuchavusha wenyewe kwa wenyewe kwa vizazi sita hivi, akifunika mahindi machanga kwa vifuko ili chavua ya nje isiingie, mpaka mimea yote ifanane. Mimea hiyo huwa dhaifu na mahindi yake madogo. Kisha koo mbili za namna hiyo hupandwa shamba moja, mistari minne ya mama kwa mmoja wa baba, au sita kwa miwili. Mbelewele zote (maua dume ya kileleni) za mistari ya mama hung'olewa kabla hazijamwaga chavua. Watu hupita mstari kwa mstari kila siku, maana mbelewele moja iliyojificha kwenye majani ikachanua, mahindi ya jirani zake yameshaharibika kama mbegu. Na anayeng'oa kwa pupa akaondoka na majani mawili matatu ya juu amepunguza mavuno. Mahindi mengine yoyote lazima yawe umbali wa mita 200 au zaidi. Uchavushaji ukiisha, mistari ya baba hukatwa; kinachofungwa kwenye mifuko ni punje za mama peke yake.

Hapo hakuna jeni lililotolewa kwa kiumbe kingine. George Shull wa Marekani aliieleza njia hii mwaka 1908, na jirani zetu wa Kenya walitoa chotara yao H611 mwaka 1964. Mahindi ya GMO, yale yaliyoingizwa jeni la bakteria ili yaue viwavi wanaotoboa bua, yalianza kulimwa kibiashara Marekani mwaka 1996. Hapa Tanzania yalifika kwenye majaribio tu, Makutupora, Dodoma, kuanzia 2016, na Serikali ikayasimamisha. Hakuna mbegu ya mahindi ya GMO iliyoruhusiwa kuuzwa kwa mkulima wa nchi hii. Chotara kama UH615 na UH6303 zimetoka Uyole, kituo cha Serikali kilichopo hapa hapa Mbeya. Hata ile rangi nyekundu au kijani kwenye punje ni alama ya kuonya: mbegu imepakwa dawa ya ukungu na wadudu. Isioshwe ikasagwa, wala isitupiwe kuku.

Teknolojia ya kuifanya mbegu isiote kizazi cha pili ilipewa hataza Marekani mwaka 1998, lakini haijawahi kuingizwa sokoni popote. Chotara ukiirudia, yaani ukipanda punje ulizovuna, inaota vizuri sana. Kinachopungua ni ile nguvu ya ziada iliyotokana na kuoanisha koo zisizo ndugu, na kiasi kinachopungua kinajulikana: chotara ya koo mbili hupoteza nusu ya nguvu hiyo, ya koo tatu theluthi, ya koo nne robo. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, koo za wazazi zingetoa wastani wa gunia 6 kwa ekari na chotara yake gunia 24. Tofauti ni 18. Ukirudia mbegu ya koo mbili utashuka hadi gunia 15, ya koo tatu hadi 18. Shambani utaiona kwa macho: mimea inapishana urefu, mmoja unatoa mbelewele leo na wa pembeni yake wiki ijayo, na baadhi haibebi kitu. Mbolea na palizi vimegharimu vile vile.

Sasa swali lenyewe. Mwenye chotara hahitaji polisi wa kumlinda, kwa sababu koo za wazazi anazo yeye na mkulima hawezi kuzitoa kwenye punje aliyonunua. Juu ya hapo tuna sheria ya mwaka 2012 ya kulinda haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea, na mwaka 2015 nchi ikaingia UPOV, umoja wa kimataifa wa haki hizo. Huko ndiko tunakopaswa kuelekeza hoja: bei, nani anamiliki koo, na mkulima mdogo anaruhusiwa kubadilishana nini na jirani yake. Sheria za namna hiyo haziugusi upandaji wa matumizi binafsi yasiyo ya biashara, na aina ya asili ambayo tayari inajulikana haiwezi kuandikishwa na mtu kuwa ugunduzi wake mpya. Anayepiga kelele za GMO mbele ya mfuko wa chotara amewapa wenye mamlaka sababu ya kutomsikiliza katika haya.

Anayetaka kutunza mbegu yake mwenyewe ana njia halali na nzuri: mbegu za uchavushaji huria, kama Staha, TMV-1 au Kilima, ambazo hurudiwa bila hasara kubwa kwa misimu mitatu hivi. Lakini wengi wanakosea mahali pa kuchagua. Wanasubiri mavuno yafike nyumbani, kisha wanachambua yaliyo makubwa. Hindi kubwa huenda limetoka kwenye mmea uliosimama peke yake karibu na zizi. Ulishiba samadi, si kwamba ni wa ukoo bora. Chagua mimea ingali imesimama, katikati ya shamba, kwenye msongamano wa kawaida, uifunge kamba. Usichukue mahindi 10 tu. Chukua yasiyopungua 100, kila moja la mmea wake, utoe punje idadi sawa kwa kila hindi, ukiacha za ncha na za kitako. Ukichagua machache unaoanisha ndugu kwa ndugu, unarudi kwenye udhaifu ule ule wa vizazi vya kufunikwa vifuko.

Kupima ukavu, tia chumvi kavu na punje kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa dakika moja, iache robo saa. Chumvi ikiganda ukutani, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, umeshuka chini ya 15, lakini bado anika siku mbili nyingine, kwani mbegu inataka 13 au chini yake.

Na kuhusu mbegu feki, jambo moja linasahaulika. Wengi wanaotesha punje 100 kwenye kitambaa kibichi, 90 zinaota, wanaridhika. Mahindi ya kula yaliyopakwa rangi nayo huota hivyo hivyo! Kipimo hicho kinakamata mbegu iliyokufa. Feki huipati kwa namna hiyo. Kinachosaidia ni lebo ya kukwangua ya TOSCI, taasisi ya Serikali inayothibiti ubora wa mbegu, uihakiki namba yake kwa simu ukiwa bado dukani kabla ya kulipa. Uangalie pia mwinuko ulioandikwa kwenye mfuko: mbegu iliyofanya vizuri Uyole, karibu mita 1,800, haikukusudiwa Kyela, karibu mita 500. Risiti, mfuko mtupu wenye namba ya toleo na punje kiganja kimoja vihifadhiwe mpaka siku ya kuvuna. Shamba likipishana mwezi Machi, bila vitu hivyo vitatu malalamiko hayana pa kuanzia.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya