Kisima chekundu hakimhusu mkemia peke yake

Mhariri,

Wanaodhani utafiti wa fani mbalimbali ni pambo la vyuo vikuu watazame Bangladesh. Kuanzia miaka ya 1970 vilichimbwa mamilioni ya visima vya pampu ya mkono ili watu waachane na maji ya madimbwi yanayoleta kuhara. Aseniki, sumu ya asili iliyomo ardhini, haikupimwa, ikagunduliwa majini 1993. Kikomo cha aseniki katika maji ya kunywa nchini humo ni mikrogramu 50 kwa lita, cha Shirika la Afya Duniani ni 10. Mwanajiolojia anaeleza: bakteria huyeyusha kutu ya chuma iliyoshika sumu kwenye mashapo machanga, yaani matabaka mapya ya udongo yaliyo karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo visima vya zaidi ya mita 150 kwa kawaida ni salama. Kuchemsha hakusaidii kitu, maji hupungua na aseniki hubaki.

Sasa pampu ikishapakwa rangi nyekundu ya kuonya kuwa ina sumu, mama gani atabeba ndoo hadi ya kijani, iliyo salama, uani kwa mtu waliyekosana? Hilo, na madoa ya ngozi ambayo majirani huyadhania ukoma, ni kazi ya mwanasosholojia. Tena rangi yenyewe huchujuka. Fedha za kupima upya zitengwe kabla kisima hakijachimbwa.

Msomaji wenu