Mabinti wa Kusini wanaanzia wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu. Oktoba 2022, huku kwetu watu wako bize na korosho, Serengeti Girls walikuwa India kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, mara ya kwanza kabisa timu yetu ya taifa ya soka kufika Kombe la Dunia. Japani wakatupiga 4-0 nikajua ndo basi tena, kumbe wapi, mabinti wakamfunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Kanada, hao robo fainali! Kolombia ndo waliotutoa, 3-0, na wao wakafika mpaka fainali.

Ile mechi ya Ufaransa niliangalia kwenye simu na mpwa wangu, alikuwa darasa la sita, tumekaa kwenye mkeka barazani tunachambua korosho. Bando likakata dakika za mwisho, akatoka mbio kununua vocha, kurudi mpira umeisha tumeshinda, mtoto akalia. Halafu akaniuliza, "Mjomba, mtu anaanzia wapi mpaka anaitwa kule?" Sikuwa na jibu.

Sasa yuko sekondari na anacheza kweli, mguu wa kushoto, viatu vya kaka yake namba 41 anavaa na soksi tatu ndo vimkae. Wana kiwanja wanachofanyia mazoezi, lakini ikifika saa kumi wavulana wakija mabinti wanaambiwa wapishe, na wanapisha kila siku, inaniuma sana. UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, ikiisha ndo imeisha, mpaka mwakani hakuna mechi nyingine ya maana.

Ninachoomba viongozi wa soka wa Mtwara na Lindi wakae pamoja waanzishe ligi ya wasichana chini ya miaka 17, hata timu nane tu zinatosha, Mtwara Mjini, Masasi, Newala, Tandahimba, Lindi Mjini, Nachingwea, Ruangwa na Kilwa, fainali mwaka huu uwanja wa Nangwanda Sijaona Mtwara, mwakani uwanja wa Ilulu Lindi. Ichezwe Agosti na Septemba, maana Oktoba familia ziko kwenye korosho na likizo za Desemba mabinti wengi wako unyagoni, ukipanga mechi hapo utapata viti vitupu na timu pungufu. Hela ya nauli na jezi, halmashauri zetu zinakusanya ushuru wa korosho kila msimu, itengwe kidogo humo, na wakulima wenyewe wana mabinti hawatakataa.

Na wakati ni huu. Zamani kombe hili lilikuwa kila baada ya miaka miwili, kuanzia 2025 linachezwa kila mwaka huko Morocco mpaka 2029, timu zimetoka 16 zikawa 24, na Afrika iliyokuwa inapeleka timu 3, mwaka 2025 ilipeleka 5. Kenya nao walishafika 2024 kule Jamhuri ya Dominika. Nafasi zimeongezeka lakini mwalimu wa timu ya taifa hawezi kumwita binti wa Newala ambaye hajawahi kumuona akicheza popote.

Mpwa wangu anatimiza miaka 16 mwaka huu. Kwa kombe hili amebakiza mwaka huu na mwakani tu.

Msomaji wenu,
Chikongola, Mtwara