Swali la “Kampendea nini?”

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo linalonikera kwa muda mrefu, ambalo wiki chache zilizopita limenichoma zaidi baada ya picha ya maharusi nisiowafahamu, mke akiwa mrefu wa umbo kubwa na mume mfupi mwembamba, kuzungushwa katika simu za watu hapa Tanga pamoja na maneno ambayo siwezi kuyaandika gazetini. Niliipokea picha hiyo mara tano kwa siku moja, na karibu kila aliyenitumia aliongeza swali lile lile: kampendea nini?

Mimi ni mpiga picha. Kazi hii nimeifanya tangu zama za kamera za filamu, na harusi nilizozipiga nimeacha kuzihesabu. Swali hilo nimelisikia katika kumbi nyingi, likinong’onwa na watu wanaokula pilau ya maharusi hao hao wanaowasema. Huulizwa mume akiwa mzee na mke kijana, au mke akiwa msomi na mume hana cheti, au mmoja akiwa mzuri wa sura na mwenzake wa kawaida. Na jibu huwa limeshaandaliwa kabla ya swali, kwamba ni pesa, au ni dawa ya mganga, au ni mtu kukosa macho.

Naomba niisimulie harusi moja. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa Ngamiani, hapa mjini Tanga, kupiga picha za harusi ya mwalimu wa sekondari na fundi baiskeli. Bibi harusi alimzidi mumewe kwa kichwa kizima. Mjumbe mmoja wa kamati alinifuata mapema, maharusi hawajaingia bado, akaniambia kwamba ameandaa kreti tupu la soda, nimpandishe bwana harusi juu yake na gauni la bibi harusi lilifunike, ili picha zitakazotundikwa ukutani zisiwape watu la kusema. Nililipokea kreti lile kwa sababu wakati huo nilidhani hiyo ni sehemu ya kazi yangu. Bwana harusi alipanda bila kusema neno. Bibi harusi ndiye aliyemshika mkono akamteremsha, kisha akaniambia, “Kaka, tupige hivi tulivyo.”

Jambo lililobaki moyoni mwangu, hata hivyo, si kreti. Kwa desturi yetu wapiga picha, bibi harusi husimama kushoto kwa mumewe, na hivyo ndivyo nilivyowapanga. Kila nilipoinama kuweka sawa kamera na kuinuka, nilimkuta bwana harusi amehamia upande wa pili. Nikamrudisha, akahama tena. Mara ya tatu nilimwambia kwa ukali kwamba ananiharibia kazi, naye akanisogelea akasema kwa sauti ya chini, “Samahani, kaka. Sikio lake la kulia halisikii. Nikisimama kule hanipati.” Basi nikaanza kuwatazama wageni waliokuwa wakipanda jukwaani kuwapongeza. Wengi wao walimwinamia bibi harusi upande wa kulia, wakamwambia maneno yao ya heri, naye akatabasamu kwa adabu bila kuyasikia. Na kila mgeni alipogeuka kushuka, mumewe alimwegemea upande wa kushoto akamrudishia yaliyosemwa, neno kwa neno, mpaka foleni ikaisha.

Bwana harusi alipokuja kuchukua albamu alinieleza walivyojuana. Mwalimu alikuwa amepanga chumba katika mtaa ule, na njia yake ya kwenda shuleni ilipita mbele ya kibanda cha baiskeli. Mwaka wa kwanza watu walimwona ana maringo, maana asubuhi alisalimiwa na hakujibu. Fundi yule, aliyekuwa pale tangu alfajiri hadi magharibi, aligundua kwamba jioni anaporudi, kibanda kikiwa upande wake wa kushoto, huitikia kila salamu. Akaacha kumsalimia asubuhi, akawa anamsubiri jioni. Kati ya salamu hizo na siku ya posa ilipita miaka minne.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu ndani yake limo jibu la wanaouliza kampendea nini. Sisi wageni tulikuwa na kipimo cha urefu, cheti na mshahara, ambavyo mtu huviona kwa dakika moja akiwa amesimama mlangoni. Mwalimu alikuwa na miaka minne ya kutambuliwa na mtu mmoja katika mtaa mzima uliomhukumu kwamba ana kiburi. Hayo hayapimwi kwa macho ya ukumbini. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, nami naongeza kwamba hata uzuri wake huujui.

Nimefurahi kuona kwamba wataalamu waliolichunguza jambo hili hawako mbali na niliyosimuliwa kuhusu kibanda kile. Mwaka 1932 James Bossard, mtaalamu wa elimu ya jamii, alipitia maombi 5,000 ya vibali vya ndoa katika mji wa Philadelphia, Marekani, akakuta kwamba theluthi moja ya wachumba walikuwa wakiishi umbali usiozidi vitalu vitano vya nyumba. Na mwaka 2015 watafiti wengine wa Marekani walichapisha uchunguzi wa jozi 167 za wapenzi na wanandoa, wengine wakiwa pamoja kwa miezi michache na wengine kwa zaidi ya miaka 50. Waliokuwa wapenzi muda mfupi baada ya kukutana walilingana kwa mvuto wa sura. Waliojuana kwa muda mrefu kwanza, hasa waliokuwa marafiki kabla ya mapenzi, ndio waliotofautiana zaidi kwa sura, na tofauti hiyo haikupunguza kuridhika kwao. Kwa maneno mengine, wanandoa wanaotushangaza kwa sura zao huenda ndio waliopeana muda mrefu zaidi wa kutazamana.

Visiwani kwetu uko ushahidi wa zamani zaidi. Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, alimpenda Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg. Kwa kipimo chochote cha Unguja ya wakati ule, cha dini, nasaba, rangi au lugha, hakuna watu wawili waliokuwa mbali kuliko hao. Lakini walikuwa majirani katika Mji Mkongwe; paa la nyumba ya Mjerumani lilikuwa chini kidogo ya nyumba ya binti mfalme, naye alimwona kutoka dirishani akiwakaribisha wageni wake kabla hawajasemezana. Mwaka 1866 Salme aliondoka Unguja kwa siri katika manowari ya Waingereza, na mwaka uliofuata wakafunga ndoa Aden. Ruete aligongwa na tramu akafariki mwaka 1870, akamwacha mjane na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi, na urithi wa kwao hakuupata. Alipofariki mwaka 1924 alizikwa Hamburg, karibu na mumewe, pamoja na mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa ameuhifadhi. Watu wa kwao waliouliza alichompendea Mzungu yule walikuwa wakiutazama umbali kati ya Unguja na Hamburg, hali yeye alikuwa akiutazama umbali kati ya dirisha na paa.

Najua wazee wa pwani watanijibu kwa neno kufu, yaani mtu aoane na anayelingana naye, na sina nia ya kulidharau. Kuangalia dini, ukoo na kazi kabla ya kuozesha ni hekima iliyowalinda mabinti wengi wasitupwe kwa watu wasioweza kuwatunza. Tatizo langu ni kwamba tumelichukua neno hilo tukalifanya kuwa hesabu ya mali na sura, hali sisi Waislamu tumesimuliwa tangu chuo cha Kurani kwamba Bi Khadija alikuwa mjane na mfanyabiashara tajiri, mwenye miaka 40 kwa mapokeo yaliyo mashuhuri, alipoolewa na Mtume Muhammad (S.A.W.) akiwa na miaka 25, na kwamba yeye ndiye aliyeonyesha nia kwanza baada ya kuuona uaminifu wake katika msafara wa biashara uliokwenda Sham, upande wa Syria. Alimjua kwa kazi aliyomfanyia. Wanaosimulia habari hiyo kwa machozi msikitini wasiigeuze kichekesho wakikutana na mfano wake mtaani.

Nimetaja mwanamke aliyemzidi mumewe umri, na hapo nakumbuka habari iliyotikisa Kenya mwaka 2003. Wambui Otieno, mpigania uhuru wa zama za Mau Mau, akiwa na miaka 67, alifunga ndoa na kijana fundi aliyekuwa mdogo wake kwa takriban miaka 40. Magazeti yalijaa, makanisa yakasema, wanasiasa wakasema. Wengi wa waliosema walisahau kwamba mwanamke huyo alikuwa ameshashangaza watu mara moja. Mwaka 1963 aliolewa na wakili S.M. Otieno, naye akiwa Mkikuyu na mumewe Mjaluo. Otieno alipofariki Desemba 1986, ukoo wa mumewe ulimpinga mahakamani kwa miezi mitano kuhusu mahali pa kumzika, ukashinda, na mwezi Mei 1987 wakili huyo akazikwa Nyalgunga, Siaya, kinyume cha matakwa ya mkewe. Mtu aliyeishi na mume zaidi ya miaka 20 na kumzalia watoto aliambiwa mbele ya taifa kwamba katika maziko yake neno la ukoo linalizidi la kwake. Je, mwanamke aliyepitia hayo alikuwa na sababu gani ya kuomba ruhusa ya majirani mara ya pili? Ndoa yake na kijana yule ilidumu hadi kifo chake mwaka 2011. Sijui walichopendeana, na sina haki ya kukijua. Ninachokijua ni kwamba nimepiga picha za harusi za wazee wa miaka 60 na zaidi waliooa wasichana wa miaka 20 na kitu, na katika kumbi zile mzee hupigiwa makofi na kuambiwa bado yumo. Maneno yote humwangukia msichana.

Sitaki nieleweke kwamba kila ndoa ni ya kunyamaziwa. Mtoto anayeozwa kwa mtu mzima hahesabiwi katika habari hii ya kupendana. Kwa miaka mingi Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, ndipo Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, akaipeleka kesi Mahakama Kuu, iliyotamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Hapo kelele za jamii zinahitajika, na kwa uchungu nasema kwamba hapo ndipo huwa hazisikiki. Wapo pia wanaofuata mali, wanawake kwa wanaume, na wao wenyewe hujua.

Lipo jambo jingine linaloumiza ingawa husemwa kwa nia njema. Mtu akioa au kuolewa na mwenzake mwenye ulemavu, watu humsifu: “Huyu ana moyo!” Nimeona mara mbili maharusi wakiambiwa hivyo jukwaani kwa kipaza sauti, na mara zote mbili nilikuwa nimeielekeza kamera kwenye uso wa yule mwenye ulemavu. Sikubofya. Maneno hayo humaanisha kwamba yeye si wa kupendwa, ni wa kuhurumiwa, na kwamba mwenzake ametoa sadaka. Bibi harusi yule wa Ngamiani angeambiwa sifa kama hiyo, na mumewe akamrudishia neno kwa neno, sijui angeipokea vipi.

Ombi langu kwako, Mhariri, na kwa wenzako wa magazeti mengine, ni kwamba msichapishe picha za wanandoa wasiojulikana kwa ajili ya kuwashangaa tu, wala vichwa vya habari vinavyoita ndoa ya mtu “ya ajabu” kwa sababu ya urefu, unene, umri wa watu wazima au kipato chao. Kwa wapiga picha wenzangu naomba kwamba picha mnazolipwa kupiga zibaki mali ya waliowalipa. Ile niliyotumiwa mara tano ilikuwa imepigwa kwa kamera ya kazi, na mwenye ujuzi huona.

Mwezi uliopita mwalimu na fundi wake walikuja studio na mtoto wa kiume, wanataka picha ya familia ya kumtumia bibi wa mtoto. Nilimkalisha mtoto mbele, nikamweka mama kwenye kiti, na baba nikamsimamisha upande wa kushoto wa mkewe kabla hajaniambia. Mtoto alinyanyuka kwenye kigoda chake, akazunguka, akaenda naye kusimama upande ule ule.

Wako,
Mpiga picha,
Tanga